Fedha ya Wote na Kiwanja cha Mchezo

Katika mji mmoja tunaoujua vizuri yupo mama auzaye nyanya na vitunguu sokoni. Kila siku ya soko hulipa ushuru, naye hupewa karatasi ndogo ya kushuhudia kwamba amelipa. Senti zake, pamoja na ushuru wa mazao, ada za leseni na malipo mengine ya namna hiyo, huingia katika mfuko wa Halmashauri. Kisha madiwani huketi barazani wakaamua zitumikeje. Mwaka mmoja waliamua kutia jukwaa jipya katika uwanja wa mpira, lenye paa na viti. Mama huyu hajaingia uwanjani humo hata siku moja, maana saa za mchezo ndizo saa zake za kuuza. Jirani yake auzaye dagaa alituuliza swali ambalo tangu siku ile halijatutoka kichwani: "Hivi, Baba Padre, ni haki wachukue senti zetu wakajengee mpira?"

Tulimjibu kwa haraka kwamba michezo ni kitu chema, yawaepusha vijana na ulevi na uvivu. Maneno hayo yalikuwa kweli, lakini hayakuwa jibu. Yule mama hakuuliza kama mchezo ni kitu chema. Aliuliza habari ya haki, na mtu aulizaye habari ya haki asijibiwe kwa habari ya faida. Kwa hiyo leo twataka kulirudia swali lake polepole, kama lilivyostahili tangu mwanzo.

Wako watu, tena watu wema, wasemao kwamba fedha ya wote isiguswe kwa ajili ya mchezo maadamu zahanati haina dawa na watoto waketi chini darasani. Twaiheshimu hoja hiyo, kwa sababu yatoka katika moyo unaowahurumia maskini. Lakini ikifuatwa mpaka mwisho wake yatufikisha mahali pabaya. Hakuna mji duniani uliokwisha maliza haja zake zote. Watoto wakiambiwa wangoje mpaka visima vyote vichimbwe na vyoo vyote vijengwe, watakuwa mababu na mabibi kabla hawajagusa mpira. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye hakujulikana kwa mzaha, alifundisha katika karne ya 13 kwamba roho huchoka kama mwili uchokavyo, na kwamba mchezo ni pumziko lake. Tena alihesabu kuwa ni kasoro ya tabia mtu kutokuwa na furaha kabisa na kuwachukia wenziwe wanapofurahi. Maskini naye ana roho ichokayo. Kumpa dawa na maji tu, na kumnyima kila kitu kilicho zaidi ya dawa na maji, si kumheshimu, ni kumfuga.

Tena liko jambo la mji lisilofanana na la kijiji. Kijijini shamba likivunwa kiwanja kimepatikana, na ng'ombe wakiondoka malishoni watoto huingia. Mjini kila hatua ya ardhi ina bei yake. Hakuna baba, hata awe mwenye mshahara mnono, awezaye kuwanunulia wanawe mahali pa kuchezea wachezaji ishirini na wawili. Jambo lisilowezekana kwa mmoja mmoja, nalo ni la lazima kwa wote, hilo ndilo hasa mfuko wa wote uliwekewa. Basi, kwa upande huu, yule mama wa dagaa alipwe jibu lililo wazi: ndiyo, Halmashauri yaweza kwa haki kuchukua sehemu ya ushuru wake ikaitumia kwa michezo.

Lakini hapo ndipo shida yenyewe inapoanza, maana neno "mchezo" linabeba mambo mawili tofauti. Kucheza ni jambo moja; kutazama wanaocheza ni jambo jingine. Mtoto akimbiaye kuufuata mpira acheza. Mtu mzima aketiye jukwaani na soda mkononi hachezi. Amekuja kutazama kazi ya wengine, kama aendavyo kutazama ngoma au senema. Kutazama si dhambi. Sisi wenyewe twatazama, tena kwa kelele isiyolingana na kanzu zetu. Lakini haki ya mtoto kupata mahali pa kukimbia si sawa na haki ya mtu mzima kupata kiti kivulini, na mara nyingi Halmashauri hudai fedha kwa jina la huyo wa kwanza, kisha huitumia kwa huyo wa pili.

Kiswahili chenyewe kimetutegea mtego hapa. Neno kiwanja kwetu ni mahali pa kuchezea, na neno lilo hilo ni kipande cha ardhi kilichopimwa, chenye namba, tayari kuuzwa. Afisa wa ardhi asemapo kiwanja na mtoto asemapo kiwanja, kila mmoja aona kitu chake.

Tuchukue mfano mmoja wa kweli, nao tuutazame kwa kituo. Mwaka 2004 nchi ya Afrika Kusini ilipewa uenyeji wa Kombe la Dunia la 2010. Miongoni mwa miji iliyochaguliwa ulikuwa Nelspruit, ambao leo huitwa Mbombela, mji usio mkubwa, karibu na mpaka wa Msumbiji. Manispaa yake ilijenga uwanja wa watu zaidi ya 40,000 kwa gharama iliyozidi randi bilioni 1. Ni uwanja wa kupendeza. Nguzo 18 zinazoshika paa zimefanyizwa kwa umbo la twiga, na viti vimepangwa kwa rangi nyeupe na nyeusi kama ngozi ya punda milia. Mgeni aonaye picha yake hawezi kukosa kutabasamu.

Mahali ulipojengwa hapakuwa patupu. Palikuwa na shule mbili, moja ya msingi na moja ya sekondari, watoto wakaondolewa wakapelekwa kusomea katika vyumba vya muda. Vyumba vile vilikuwa na joto kali, na ahadi ya shule mpya ilikawia, hata wanafunzi wakaandamana barabarani na polisi wakaitwa. Ardhi yenyewe ilikuwa ya jamaa ya Matsafeni, watu waliorudishiwa haki yao juu yake baada ya ubaguzi wa rangi kuondoka. Wale waliosimamia mali yao waliandikiana na Manispaa mapatano ya kuitoa ardhi kwa randi 1. Mahakama iliyatangua mapatano hayo, na jaji aliifananisha Manispaa na wale wakoloni waliojitwalia ardhi ya Waafrika wakiwapa vifungo na vioo. Karibu na uwanja ule wa twiga walikuwako watu wasiokuwa na maji ya bomba wala umeme nyumbani mwao.

Spika wa baraza la Manispaa hiyo aliitwa Jimmy Mohlala. Aliona mambo yasiyo sawa katika zabuni za uwanja, naye hakunyamaza. Tarehe 4 Januari 2009 alipigwa risasi nyumbani kwake, akafa. Sisi hatukai katika kiti cha hakimu, wala hatutaji mkono wa mtu. Twataka tu msomaji akumbuke kwamba diwani aliyekuwa akilinda ushuru wa akina mama wa sokoni alikuwa na jina, na nyumba, na watu wake.

Michezo minne ya Kombe la Dunia ilichezwa pale. Minne tu, kisha wageni wakaenda zao.

Lakini tusipotoshe habari. Uwanja ule haukuachwa uwe gofu. Timu ya raga ya jimbo iliufanya kwao, na kandanda huchezwa pia. Wako watu wa Mbombela wauonao kuwa fahari yao, nao si wajinga. Tena uwanja wenyewe ungalipo, hali ungeweza kuibwa wote kabla ya kujengwa, jambo ambalo katika Afrika yetu si geni. Shtaka letu si kwamba uwanja ulijengwa. Shtaka letu ni kwamba wale waliotoa ardhi, wale waliotoa madarasa, na wale waliongoja maji, hao ndio waliokuwa mbali kabisa na viti. Katika elimu ya maadili iko haki iitwayo haki ya kugawa, yaani ile iwapasayo wakuu wanapowagawia watu mizigo na mema ya jumuiya. Haidai kila mtu apate sawa na mwenziwe. Yadai kwamba mzigo na neema zisiende njia mbili zisizokutana kamwe, mzigo ukifuata maskini na neema ikifuata wenye tiketi.

Madiwani wakibanwa kwa hoja hiyo hukimbilia nyingine. Husema: uwanja utaleta fedha, wageni watakuja, hoteli zitajaa, mama wa nyanya atauza mara mbili. Hoja hii yavuta, nasi tuliwahi kuiamini. Lakini wachumi walioichunguza huko Marekani, ambako miji imejenga viwanja vingi kwa kodi za watu, wamepatana kwa wingi usio wa kawaida kwa wachumi kwamba faida ile kwa kawaida haifikii gharama. Sababu yake hata mtoto aweza kuifahamu. Mwenye shilingi elfu tano za starehe, akizitumia uwanjani hazitumii kwa mama lishe wa mtaani kwake. Fedha imehama mtaa tu, haikuzaliwa.

Na pengine uwanja huzaa deni. Mji wa Montreal, huko Kanada, uliandaa michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976. Meya wake, Jean Drapeau, alikuwa amewahakikishia watu kwamba michezo ile haiwezi kuleta hasara kama vile mwanamume asivyoweza kuzaa. Siku ya ufunguzi mnara wa uwanja ulikuwa haujamalizika, na paa halikukamilika mpaka mwaka 1987. Baadaye likawa likipasuka. Ili kulipa deni, jimbo la Quebec lilitumia kodi maalum ya tumbaku, hata mkulima mzee wa kijiji cha mbali, asiyepata kuuona uwanja ule, kila alipowasha sigara aliulipia. Deni lilimalizika mwaka 2006. Miaka 30! Timu kubwa ya besiboli iliyokuwa ikiutumia ilikuwa imekwisha kuhama mji miaka miwili kabla. Wenye umri wa kutosha miongoni mwa wasomaji wetu waikumbuka michezo ile kwa sababu nyingine: Tanzania ilikataa kwenda, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa ajili ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi. Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, hakukimbia Montreal, na medali ya dhahabu ikaenda kwa John Walker wa New Zealand. Hivyo yuko mtu wa kwetu aliyelipa kitu kikubwa kwa ajili ya haki, bila kuwa na deni la uwanja.

Twalitaja jina la Bayi kwa makusudi. Mkimbiaji yule hakulelewa na majukwaa. Alilelewa na njia za vumbi, milima, na watu waliomwachia nafasi ya kukimbia. Na tukivuka mpaka kuingia Kenya twakuta jambo lihuzunishalo zaidi kuliko deni la Montreal, ingawa ni dogo kwa fedha. Karibu na Iten kuna uwanja wa Kamariny, wenye njia ya udongo, uliotumika tangu mwaka 1958. Mabingwa wa dunia walijinoa pale, na kijana yeyote asiye na senti aliweza kusimama kando akawafuata kwa nyuma. Katika miaka ya 2010 Serikali iliamua kuutengeneza uwe wa kisasa. Njia ya udongo ikavunjwa, kazi ikaanza, kisha ikakwama kwa miaka mingi. Kwa miaka yote hiyo wakimbiaji hawakuwa na uwanja wa kisasa wala ule wa vumbi. Waliokuwa na fedha walilipia njia za watu binafsi, na wasiokuwa nayo walibaki na barabara. Tena twaamini kwamba walioamua jambo lile walitaka mema. Walichokosa kukiona ni kwamba kile kilichokuwapo tayari, pamoja na vumbi lake, kilikuwa kikifanya kazi kubwa bila kumdai mtu kiingilio.

Sasa msomaji ataka kujua kama iko nchi yoyote iliyofanya vizuri, asije akadhani kwamba sisi twajua kulaumu tu. Iko, nayo ni ya baridi sana, yaani Iceland. Mwaka 1998 vijana wa kule wenye miaka 15 na 16 waliulizwa habari za ulevi, na 42 kati ya kila 100 walikiri kwamba wamelewa katika mwezi uliopita. Wazazi, shule na halmashauri za miji walikaa pamoja. Waliweka saa za watoto kuwa nyumbani, waliwataka wazazi wapitishe jioni nyingi zaidi na watoto wao, na halmashauri zikatoa fedha kwa vyama vya michezo na muziki. Mji mkuu, Reykjavik, ulianza kumpa kila mtoto fungu lake la mwaka la kulipia mchezo au ala ya muziki aipendayo. Tangu mwaka 2000 halmashauri zilijenga kumbi kubwa zilizofunikwa, maana huko majira ya baridi mpira huganda, tena zikatengeneza viwanja vidogo karibu na shule. Si vya kutazamia, bali vya kuchezea. Mwaka 2016 wale walevi 42 walikuwa wamebaki 5. Na mwaka uo huo nchi ile yenye watu wapatao 330,000, yaani wachache kuliko wilaya zetu nyingi, iliifunga Uingereza mabao 2 kwa 1 katika mashindano ya Ulaya.

Tutaambiwa: wale ni matajiri. Ni kweli, wala hatuwezi kuiga kumbi zao, na kwetu mpira haugandi. Lakini la kuiga si kumbi. La kuiga ni mpango wa fikira zao: walianza na mtoto wa kila mlipaji, na ushindi ukaja wenyewe kwa mlango wa nyuma. Sisi twapenda kuanza na ushindi.

Twajua kwamba maneno haya yanaandikwa katika siku za furaha. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa mwaka 2023 uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027, na michuano ya CHAN ilichezwa katika nchi hizi tatu mwezi wa Agosti 2025. Sisi hatukujifungia chumbani tukisali dhidi ya furaha hiyo. Taifa lina haki ya kuwa na nyumba ya kupokea wageni, kama familia ilivyo na sebule hata ikiwa wana wanalala watatu kitandani. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, hujaa watu ambao wengi wao si matajiri, nao hutoka wakiwa wamepoteza sauti na kupata kitu ambacho hakiandikwi katika vitabu vya hesabu. Lakini sebule ya taifa ni kazi ya Serikali Kuu. Halmashauri si taifa dogo. Yenyewe iko karibu na mlango wa mtu, nayo iliwekwa ili ione kile ambacho Serikali Kuu, kwa umbali wake, haiwezi kukiona: kwamba watoto wa mtaa huu wanacheza barabarani, kwamba wasichana wa shule ile hawana nguzo za mpira wa pete. Halmashauri ikiacha kazi hiyo ikaanza kushindana kwa majukwaa, ni nani atakayeifanya?

Baadhi ya Halmashauri zetu zimekwenda mbele zaidi, zikaanzisha timu. Mbeya ilianzisha Mbeya City mwaka 2011, na msimu wa 2013/14, ambao ulikuwa wa kwanza kwake katika Ligi Kuu, ilishika nafasi ya tatu. Kinondoni nayo ina KMC. Furaha ya watu wa Mbeya msimu ule tuliiona, haikuwa ya kununuliwa. Hata hivyo twauliza kwa upole: mshahara wa mshambuliaji ukitoka katika ushuru wa ndizi, ni nini kinachorudi kwa mwenye ndizi siku ambayo timu imeshuka daraja? Na timu ile iliyotokana na fedha ya umma ilikuwa ikicheza katika uwanja wa Sokoine, ambao ni mali ya Chama Cha Mapinduzi.

Jambo hilo la mwisho halizungumzwi bila hasira, nasi twataka kulizungumza bila hasira. Viwanja vingi vya mikoani, kama Sokoine wa Mbeya, Kirumba wa Mwanza na Ali Hassan Mwinyi wa Tabora, viko mikononi mwa Chama. Mizizi ya jambo hili ni zamani za chama kimoja, kabla ya mwaka 1992, wakati ambapo mchango wa mwananchi na mchango wa mwanachama haukutenganishwa kwa urahisi. Upande mmoja hudai kwamba Chama ndicho kilichojenga, nacho ndicho mwenye hati. Upande wa pili hujibu kwamba wakati ule hapakuwa na mfuko mwingine wa kuchangia, wala mtu hakuulizwa kama anakichangia Chama au anauchangia mji wake. Hati ni kitu kizito katika sheria, nasi hatuidharau. Lakini maadili yaona kitu ambacho hati haikioni: jasho la mtu aliyebeba mawe akiamini kwamba abebea wote. Wenye hati wangefanya jambo la kiungwana kama wangekaa na Halmashauri wakapatana, angalau juu ya siku za watoto kuingia bure. Kwa hilo hapana haja ya kwenda mahakamani.

Yatosha kuhusu viwanja vikubwa. Twataka kumaliza na kile kidogo, maana ndicho kilichotuumiza sisi wenyewe. Katika mji ule wa mama wa nyanya kulikuwa na kiwanja kando ya shule ya msingi, chenye mwembe mmoja pembeni na magoli ya miti. Jioni walicheza watoto wa shule, kisha vijana wa bodaboda, na siku za Jumamosi wasichana walikuwa na upande wao wa mpira wa pete. Mwaka uo huo wa jukwaa jipya, Halmashauri ilikipima kiwanja kile, ikakikata, ikajenga fremu za maduka upande wa barabara ili kuongeza mapato. Twaambiwa sehemu ya mapato hayo iliingia katika fungu la michezo. Wasichana ndio walioondoka kwanza, kama kawaida. Waliobaki walihamia barabarani. Wanaweka mawe mawili kuwa goli, na lori likija mmoja hupiga kelele, wote wakapisha.

Mtu akiangalia hesabu za mwaka ule ataona kwamba Halmashauri ilitumia fedha nyingi kwa michezo kuliko miaka iliyotangulia. Karatasi haitasema uongo. Lakini katika mji ule, siku ya Jumanne ya kawaida, isiyo na mechi wala mgeni rasmi, idadi ya watoto wanaocheza mahali salama ilipungua. Sisi tungependa madiwani wote wa nchi wahesabu kwa Jumanne hiyo. Je, mwana wa aliyelipa ushuru aweza kuingia leo, bila tiketi, bila barua, bila kumjua mlinzi? Na binti yake je? Kama jibu ni hapana, basi fedha ya wote imejenga kitu cha baadhi, na yule mama wa dagaa alikuwa na haki ya kuuliza.

Tena tusisahau kwamba kiwanja cha watoto hakitaki fedha nyingi. Chataka greda siku mbili, magoli, nyasi, bomba la maji na choo. Zaidi ya yote chataka kutouzwa. Ardhi iliyo tupu katikati ya mji humkera afisa wa mapato, naye huiona kama shilingi iliyolala. Ndiyo maana twasema kwamba Halmashauri iachayo ardhi kwa watoto imetoa fedha ya umma kwa michezo kweli kweli, hata kama kitabu chake cha hesabu hakionyeshi senti. Sheria zetu zimeagiza asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri itengwe kwa mikopo: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Jambo jema. Kama sheria iliweza kukumbuka mtaji wa kijana, haitashindwa kukumbuka na mahali pa kuchezea mdogo wake, na kuandika kwamba kiwanja cha shule hakikatwi mpaka kingine kilicho sawa nacho, kilicho karibu sawa nacho, kimekwisha kufunguliwa.

Tulirudi kwa yule mama wa dagaa tukamweleza haya, kwa maneno machache kuliko tuliyoyatumia hapa, maana alikuwa na wateja. Alisikiliza, akafunga dagaa wa mteja katika gazeti (hatukuthubutu kuangalia kama lilikuwa letu), kisha akauliza: "Sasa hayo nikayaseme wapi?" Ni swali jema kuliko la kwanza. Mwaka wa fedha wa Halmashauri huanza tarehe 1 Julai, na bajeti yake hupangwa miezi mingi kabla, ikianzia chini, katika mikutano ya vijiji na mitaa ambayo wengi wetu hatuendi. Diwani hutoka katika kata, anajulikana anapokaa. Tulimpa siku na mahali pa mkutano wa mtaa wake. Alisema atakwenda ikiwa utaanza kabla ya saa tisa, maana baada ya hapo dagaa huanza kutoka.